Goti linauma na uko Lamu: uchague mchanga, maji, ngazi au kiti?

Keti barazani pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome ya Lamu, ulalamike kuwa goti linakusumbua, hutakosa waganga. Wa kwanza atakwambia uupumzishe mguu, kwani goti likishaanza kusagika kila hatua inalimaliza. Wa pili atakwambia uamke alfajiri ukaukimbilie mchanga wa Shela mpaka jasho likutoke. Wa tatu atakwambia ule bamia. Mimi naona huyo wa kwanza ndiye anayeharibu watu wengi, maana maneno yake yana sura ya huruma, tena ni rahisi kuyafuata: unakaa tu.

Goti lenye maumivu ya kawaida ya umri au ya uzito linataka kuchezeshwa kwa kiasi. Lichezeshwe vipi, hapo ndipo penye kazi, kwa sababu jibu la mtu wa Shela, kijiji cha ufuoni, si la mtu wa Mkomani, mtaa wa mjini, na la mwenye kilo 60 si la mwenye kilo 100. Nimezilinganisha hapa njia ambazo mkazi wa Amu, yaani Lamu yetu, anazo kweli karibu na mlango wake, pamoja na moja ambayo Malindi wanatuzidi.

Gegedu hula vipi

Ncha za mifupa zinazokutana ndani ya kiungo zimevikwa gegedu, kitu cheupe chenye utelezi, ambacho gotini kina unene wa milimita chache tu. Kati ya 65% na 80% ya gegedu ni maji. Yaliyobaki ni nyuzi za kolajeni na protini zilizoshikana na sukari, ambazo kazi yake ni kuyazuia maji hayo yasitoke ovyo. Chembe hai zilizomo ni chache mno, kwa mtu mzima hazizidi sana 2% ya ujazo wote, na ndizo hizo hizo zinazofanya ukarabati.

Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Halina neva pia, ndiyo maana linaweza kulika miaka na miaka mwenyewe hana habari. Siku maumivu yakija, yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando unaokizunguka kiungo, au kwenye misuli iliyochoka kubeba. Sasa, asiye na damu anakula nini? Anakula kinachomfikia kupitia ute wa kiungo, ule unaotengenezwa na utando wa ndani. Ukikanyaga, gegedu hubanwa likatoa maji; ukiinua mguu, hunywa tena, kama dodoki la kuogea. Sukari na oksijeni hupenya polepole hata mtu akiwa amelala, lakini molekuli kubwa zinahitaji huo msukumo wa kubana na kuachia, na ute usiokorogwa haugawi chakula sawasawa. Kubanwa huko pia ni ujumbe: chembe zikihisi mzigo wa kadiri hutengeneza protini zaidi za kushikilia maji. Zisipohisi kitu hulegea. Zikipondwa kupita kiasi huanza kubomoa.

Hayo yamepimwa. Miaka ya 1970 daktari wa mifupa Robert Salter wa Toronto, Canada, alitoboa magegedu ya sungura kisha akawagawa: wengine viungo vyao vikafungwa visitikisike, wengine vikachezeshwa mfululizo kwa mashine. Vilivyochezeshwa vilipona vizuri zaidi. Kwa binadamu, watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo wamepigwa picha za goti, na gegedu lao likaonekana kupungua unene mwaka ule ule wa kwanza, ingawa hakuna aliyekuwa akilitumia vibaya. Halikutumika kabisa, basi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Sweden, wa Ewa Roos na Leif Dahlberg, uliotoka 2005. Walichukua watu 45 waliowahi kupasuliwa goti na kutolewa sehemu ya kile kipande cha katikati kinachopokea mshindo, yaani watu ambao tayari wako njiani kuelekea kusagika. Nusu wakafanya mazoezi ya wastani mara 3 kwa wiki kwa miezi 4, nusu hawakufanya. Picha maalumu zikaonyesha kuwa gegedu la waliofanya mazoezi limeongezeka zile protini zinazoshika maji. Miezi 4 tu.

Ila tusidanganyane. Gegedu lililokwisha kulika halioti upya kwa kutembea. Jambo hili liliandikwa na Mskoti William Hunter tangu 1743, na dawa ya kulirudisha kama lilivyokuwa haijapatikana hadi leo. Mwendo hulisha kilichobaki, huimarisha misuli inayolibebea goti mzigo, na hupunguza maumivu. Hilo si dogo: Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 528 waliokuwa wakiishi na ugonjwa wa kusagika viungo mwaka 2019, na milioni 365 kati yao ni wa magoti.

Mzigo, kabla hujachagua

Hospitali ya Charité ya Berlin iliwawekea wagonjwa wachache magoti bandia yenye vipimo ndani yake, na mwaka 2010 wakatoa hesabu za mzigo unaolifikia goti. Nimezigeuza ziwe za mama wa kilo 70. Akitembea ardhi tambarare, goti lake hubeba mara 2.6 ya uzito wake, zaidi ya kilo 180. Akiinuka kitini, karibu kilo 170. Akipanda ngazi, 220. Akishuka ngazi, 240. Wale wale wataalamu walipima baadaye baiskeli ya kukaa mahali pamoja, ikipigwa taratibu, wakapata kama mara 1.2, ambayo kwake ni kilo 85 hivi.

Namba hizo zisikutishe, goti zima limeumbwa kuzibeba. Faida yake ni kukuonyesha kwamba vitu tunavyoviita vyote "mazoezi" vimepishana karibu mara 3 kwa uzito. Na kilo moja ukiipunguza mwilini, kila hatua goti linapunguziwa kama kilo 4. Kwa mwenye kitambi, hiyo ni habari njema kuliko dawa nyingi zinazouzwa.

Mchanga mkavu au mchanga mbichi

Shela ina ufuo wa kama kilomita 12, na kila anayeshauriwa kutembea huletwa pale. Lakini ule ni ufuo wa namna mbili, na tofauti yake kwa goti ni kubwa.

Mchanga mkavu wa juu, ule wa karibu na vilima, hula nguvu. Ilipimwa 1998 ikaonekana kuwa kutembea kwenye mchanga laini humgharimu mtu nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya ardhi ngumu. Mguu unazama, kisigino kinapinda, goti linayumba kushoto na kulia kutafuta pa kusimama. Kwa kijana mwenye goti zima ni mazoezi mazuri sana ya misuli. Kwa mwenye goti lililovimba jana, ni njia ya kurudi nyumbani anachechemea.

Mchanga mbichi, ule ulioachwa na maji yanapokupwa, ni mgumu kiasi, bado una ulaini wa kupunguza mshindo, na hauna mashimo. Kipimo changu ni hiki: kanyaga, nyanyua mguu, angalia alama ya kisigino. Ikiwa na kina cha unene wa kidole au chini, endelea. Ikizidi, shuka karibu zaidi na maji. Angalia pia ulalo wa ufuo. Ukitembea sambamba na bahari mguu mmoja huwa chini kuliko mwingine, na goti la upande mmoja hubanwa zaidi. Ukirudi kwa njia ile ile mambo yanasawazika, ukirudi kwa boti hayasawaziki. Afadhali utafute muda ambao maji yako mbali, pale ufuo unapokuwa karibu tambarare.

Muda huo ndio tatizo la mchanga mbichi. Bahari haifuati saa zako. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa hasa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, na alasiri yamejaa tena ufuo umebaki utepe wa mchanga mkavu. Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua mbili, maji hupwa alfajiri na alasiri, saa ambazo mtu anazitaka, ingawa hayaendi mbali. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mvuvi yeyote atakupangia wiki nzima bila kufungua kitabu, muulize.

Mjini kuna mbadala ambao watu wanaudharau, barabara ya mbele ya bahari, kutoka Langoni kwenda Mkomani na kuendelea. Ni tambarare, ipo maji yajae yasijae, na ukichoka pana pa kukaa. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Mwenye goti bovu aende nusu ya njia ageuze, au aende yote arudi kwa boti, mradi ajue kwamba kupanda na kushuka boti nako ni ngazi. Ubaya wa barabara hii ni punda wenye mizigo, na usugu wa sakafu. Vaa kiatu chenye soli nene. Ndala zilizolika kisigino upande mmoja zitupe leo. Zinalipindisha goti kila hatua, na hizo ndizo ndala tunazozivaa zaidi kwa sababu tumezizoea.

Uchaguzi wangu kwa mtu wa kawaida mwenye goti linalokakamaa asubuhi na kuachia baadaye ni mchanga mbichi siku maji yakikubali, barabara ya mbele siku yakikataa. Mwanzo dakika 10 zinatosha. Na dakika 15 mara mbili kwa siku ni bora kuliko nusu saa kwa mkupuo, kwa kuwa gegedu likibanwa huhitaji muda wa kunywa: waliopimwa baada ya kuchuchumaa na kuinuka mara 50, gegedu la pia ya goti lilipungua ujazo karibu 6%, na kurudi kwake kulichukua zaidi ya saa moja.

Majini

Ukisimama kwenye maji ya kiunoni, miguu inabaki na karibu nusu ya uzito wako. Ya kifuani, inabaki na theluthi moja hivi. Ya shingoni, sehemu moja tu ya kumi. Mama wa kilo 100 ambaye hawezi kutembea kutoka kwake hadi msikitini bila kushika ukuta anaweza kutembea robo saa majini, na goti likapata kukunjwa na kukunjuliwa bila kupondwa. Hakuna hospitali inayoweza kumpunguzia kilo 50 kwa dakika moja. Bahari inaweza.

Maji pia husukuma mguu kutoka pande zote, kwa hiyo misuli ya paja inafanya kazi kwenda na kurudi. Na hayana mshindo. Kwa goti linalouma hata mtu akitembea sakafuni, maji ndiyo mwanzo, halafu nchi kavu baadaye.

Kasoro zake zipo, tena za kwetu. Wanawake wengi wa Amu hawaingii baharini mchana mbele za watu, na sioni haja ya kumwambia mtu aache malezi yake ili goti lipone. Wanaofanikiwa huenda watatu wanne baada ya sala ya alfajiri, na mtoto wa kushika viatu. Nguo iwe nyepesi na isiyoburuta. Dera la pamba likilowa ni mzigo mwingine mwilini, na likikuzinga miguuni litakuangusha. Usiende peke yako. Buruta nyayo badala ya kunyanyua na kukanyaga, ili samaki taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla hujamfikia, maana mwiba wake utakusahaulisha goti. Kaa upande wa kijiji cha Shela ambako pametulia. Ukizunguka kuelekea bahari kuu mawimbi yanavunja kwa nguvu, na msimu wa upepo wa kusi pale si pa mtu mwenye miguu isiyo imara.

Jambo jingine ni kwamba maji peke yake hayatoshi milele. Mifupa na misuli inataka kubeba uzito wa kweli. Mtu akizoea majini wiki kadhaa, aanze kuchanganya na kutembea nchi kavu.

Ngazi za nyumba zetu

Nyumba ya zamani ya Amu imesimama juu, haikutambaa chini, na jiko kwa desturi liko ghorofani. Shangazi yangu wa Mkomani ana madaraja ya mawe yaliyo juu kuliko ya nyumba za kisasa, membamba, na ukutani hapana pa kushika. Mtazame akishuka: anajigeuza ubavu, kiganja kimebandikwa ukutani, anateremsha mguu mbovu kwanza kisha mzima unafuata daraja lile lile. Hakufundishwa na mtu. Lakini ndivyo wataalamu wa viungo wanavyofundisha: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mbovu utangulie.

Je, ngazi ni mazoezi? Ndiyo, na ni mazuri kwa misuli ya paja, ambayo ikiwa dhaifu goti hulipa. Ila tofautisha kupanda na kushuka. Kupanda ni mzigo mkubwa lakini misuli inauongoza. Kushuka ni mzigo mkubwa zaidi, na ndipo goti bovu hulalamika, hasa nyuma ya pia. Kijana asiye na maumivu apande tu. Mwenye maumivu ya wastani apunguze safari za kushuka kwa kupanga mambo, siyo kwa kukimbia ngazi: kikapu cha kamba dirishani kwa mboga na mkate kinaokoa safari nyingi kwa siku. Sipendi ile fikra ya watoto wa mjini ya kumhamishia mama chini moja kwa moja asiguse ngazi tena. Mwaka mmoja tu bila ngazi, paja limekonda, na siku ya harusi ya ghorofani anabebwa.

Kwa hiyo ngazi si chaguo la kuanzia. Ni chaguo la kulinda usilipoteze.

Baiskeli, kwa walio Malindi

Vichochoro vya Amu havina nafasi ya baiskeli na punda pamoja. Malindi ni habari nyingine, ardhi tambarare na waendeshaji wengi. Kwa goti, baiskeli ni karibu ya maji kwa wepesi, na inakunja kiungo mara nyingi mno kwa dakika bila mshindo. Kosa la kawaida ni kiti kuwekwa chini sana, goti likapanda kifuani kila mzunguko na pia ya goti ikasugua. Pandisha kiti mpaka kanyagio likiwa chini kabisa goti lako liwe karibu kunyooka. Epuka kubeba abiria na magunia. Kama una ndugu Malindi na goti linakukataza kutembea, wiki mbili kwake na baiskeli ya kuazima si wazo baya.

Kiti na mkeka

Wapo wasioweza kutoka. Anayeuguza mtu, mwenye watoto wachanga, mzee aliye ghorofa ya pili. Kwa hao kuna kiti, na kiti ni chaguo kamili, si la kujiliwaza. Kaa kwenye kiti kirefu au juu ya meza imara, miguu ining'inie isifike chini, ipeleke mbele na nyuma taratibu kwa dakika chache. Hiyo ni kukoroga ute bila mzigo wowote. Halafu nyoosha goti moja kabisa, hesabu hadi tano, teremsha polepole, rudia mara 10 kila mguu. Mwisho, inuka na kuketi bila kujisukuma kwa mikono, mara 5, ukiongeza siku hadi siku. Kama kiti ni kifupi na unashindwa, tia mto.

Mkeka ni kitu kingine. Kukaa chini miguu imekunjwa kwa saa nzima, kuchuchumaa chooni, kukaa juu ya mbuzi ukikuna nazi tatu, hivi vyote vinalikunja goti hadi mwisho na kulibakiza hapo. Tafiti za watu wanaopiga magoti na kuchuchumaa muda mrefu kazini zimehusisha jambo hilo na kusagika. Goti linapenda kukunjwa na kukunjuliwa. Kukunjwa na kuachwa halipendi. Mbuzi aweza kuwekwa juu ya kibao ili mtu akae mguu ukiwa karibu kunyooka, au nazi ikakunwa kwa zamu. Nikisema hivi jikoni huchekwa, lakini mbuzi mwenyewe hakuteremshwa kutoka mbinguni kwa urefu ule.

Swala ni tofauti na mkeka wa kukaa, kwa kuwa mtu hainami na kubaki. Kusimama, kurukuu, kusujudu, kuketi, kuinuka: kiungo kinapita karibu mwendo wake wote mara tano kwa siku. Asiyeumia aendelee na ashukuru. Anayeumia mno wakati wa kuinuka dini imempa ruhusa ya kuketi, naye aitumie bila haya, huku akifanya yale mazoezi ya kiti ili siku moja aiache ruhusa hiyo.

Kukimbia

Kwa ufupi, kwa kuwa wazee hawaniulizi na vijana hawanisikilizi. Mwaka 2017 tafiti nyingi zilikusanywa pamoja: wenye kusagika nyonga au goti walikuwa 3.5% kati ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, 10.2% kati ya wasiokimbia kabisa, na 13.3% kati ya wakimbiaji wa mashindano. Huwezi kusema kukimbia ndiko kulikowaponya wale wa kwanza, pengine wenye magoti mazima ndio wanaokimbia. Lakini ile hofu kwamba kila mkimbiaji anajimalizia goti haina msingi. Mwenye goti zima na akakimbia mara chache kwa wiki asizuiwe.

Bamia, supu ya miguu na vidonge

Bamia ina ute, goti lina ute, watu wakaunganisha. Ute wa goti unatengenezwa na utando wa kiungo kutoka kwenye damu. Ute wa bamia unaishia tumboni. Kolajeni ya supu ya miguu ya ng'ombe nayo humeng'enywa kama protini nyingine yoyote, haina njia ya mkato hadi gotini. Kuleni, ni vyakula vizuri. Vidonge vya glukosamini vimepimwa mara nyingi na matokeo yake yanagongana. Mimi pesa hiyo ningenunulia viatu.

Kujua umezidisha au bado

Wataalamu wa viungo hutumia kanuni moja ambayo inafaa njia zote hizi. Toa maumivu yako alama kati ya 0 na 10. Wakati wa mazoezi, hadi 5 inavumilika. Kesho yake saa ile ile, maumivu yawe yamerudi yalikokuwa kabla. Yakirudi, kiwango hicho ni chako, ongeza kidogo wiki ijayo. Yasiporudi, usiache kabisa. Punguza dakika, au shuka daraja moja, kutoka mchanga kwenda majini, kutoka majini kwenda kitini. Shabaha ya mbele kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hazipatikani mwezi wa kwanza.

Kupumzika kabisa kuna mahali pake. Goti lililovimba ghafla likawa jekundu na la moto, hasa pamoja na homa, si la mchanga wala maji. Hilo ni la Hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo goti lililojifunga lisinyooke, au lililoumia kwa kuanguka ukashindwa kulikanyagia. Na wenye baridi yabisi inayoshika viungo vingi pande zote mbili, vidole vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, wanahitaji dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe kwanza, ndipo mazoezi yafuate kwa mpango wa daktari.

Waliobaki, yaani wengi wetu, waanze na kile kilicho karibu. Wa Shela mwenye uzito mkubwa, maji ya kifuani. Wa mjini anayeweza kutembea, barabara ya mbele, na mchanga siku za maji mafu. Wa ghorofani, kiti mara mbili kwa siku na ngazi moja kamili, juu na chini, hata siku asiyo na haja ya kushuka. Mwezi wa Juni kusi likivuma na bahari imechafuka, wa maji ahamie kitini bila kungoja Septemba, kwa sababu miezi mitatu ya kukaa itakula misuli ambayo kuirudisha kutamchukua muda mrefu.